Daftari la mkojo wa Baba

Baba alianza kulala na tochi. Hapo ndipo tulipopaswa kushtuka. Mzee aliyeishi kwenye nyumba ileile ya Makorora miaka arobaini, anayejua kila ufa wa sakafu, ghafla anataka tochi kando ya mto, ndoo chini ya kitanda na msuli wa akiba kwenye kamba. Chai ya jioni akaiacha. Msikitini akahamia safu ya nyuma, jirani na mlango. Nilipomuuliza alinijibu, "Mwanangu, mkojo wa mzee hauna adabu," akacheka. Nami nikacheka, nikaenda zangu kazini.

Kazi yangu ni fundi bomba. Nimezibua mabomba ya Tanga miaka kumi na tisa, na ninajua namna nyingi za maji kukataa kupita. Baba yangu akaziba mbele ya macho yangu miezi minane nzima nisijue.

Zahanati moja ilimpa dozi tatu za UTI, yaani vijidudu vya njia ya mkojo, moja baada ya nyingine. Nchi hii kila mwenye taabu ya mkojo ana UTI, na dawa yake iko tayari mezani kabla hujamaliza kueleza. Leo najua kwamba vijidudu hivyo huwapata zaidi wanawake kwa sababu ya urefu wa njia tu: kwa mwanamke, kutoka nje mpaka kibofuni ni sentimita 4 hivi, kwa mwanamume ni kama sentimita 20. Mzee wa miaka 74 anayesumbuliwa na mkojo alistahili kuulizwa swali jingine. Hakuulizwa, na sisi wanawe tulikuwa wa kwanza kutouliza.

Aliyegundua ni dada yangu, Jumamosi moja, alipokuwa akimsaidia kuvaa kanzu. Tumbo, kuanzia kitovuni kwenda chini, lilikuwa limesimama duara, gumu, kama la mama wa miezi mitano. Miguu imejaa maji. Kwikwi haikatiki tangu alfajiri, na chakula akikiona moyo unamchafuka. "Baba, unakojoa?" dada akamuuliza. "Nakojoa mno," akasema. "Hata usingizini najikojolea." Jibu hilo lilikuwa la kweli tupu, na ndilo lililokuwa limetudanganya sote.

Hospitalini daktari wa zamu aliweka vidole vya mkono mmoja juu ya tumbo, akavigonga kwa kidole cha mkono mwingine, akishuka taratibu. Nikamwelewa palepale, maana ndivyo ninavyogonga tangi kujua maji yameishia wapi. Akaninyanyulia macho. "Huyu hakojoi," akasema. "Huyu anamwagika."

Basi kumbe. Tangi lisilo na boya likijaa halisemi limejaa, linatiririka tu pembeni, na mwenye nyumba akiona maji uani anadhani maji yapo tele. Kibofu cha Baba kilikuwa kimejaa kwa miezi. Kila tone la ziada lililoingia kutoka juu lilisukuma tone jingine nje, usiku na mchana, nacho chenyewe hakijawahi kuwa kitupu.

Wakamwekea mpira. Wataalamu huuita katheta, ila wodini kila mtu husema mpira. Niliusoma vizuri muuguzi alipokuwa akiutayarisha, kwa sababu ni kifaa cha bomba na macho yangu hayajui kujizuia. Ndani ya mpira mmoja mna njia mbili. Moja, kubwa, ya mkojo. Nyingine, nyembamba kama uzi, inakwenda kwenye puto dogo karibu na ncha. Mpira ukishafika kibofuni, puto linajazwa mililita 10 za maji safi, linavimba, na mpira hauchomoki tena mpaka maji hayo yavutwe. Hakuna gundi wala kamba. Kimetokana na kazi ya daktari wa Marekani, Frederic Foley, miaka ya 1930, na mpaka leo jina lake limeandikwa kwenye pakiti. Baba alikuwa anauma meno na mimi nastaajabia puto. Sijamwambia hilo.

Mililita 1,800 zilitoka. Mtu mzima huanza kuhisi haja kibofu kikifika mililita 200 hivi, na kikikaribia 500 anatafuta choo kwa macho mawili. Baba alikuwa ametembea na karibu lita mbili bila maumivu, kwa kuwa kibofu kilitanuka polepole hadi mishipa ya fahamu ikazoea. Tumbo lilishuka mbele yetu. Akapumua, akasema, "Alhamdulillahi," akaomba mto wa pili. Dada akaanza kulia. Mimi nikadhani kazi imekwisha: palipoziba pamezibuliwa.

Muuguzi akanikabidhi kalamu. "Kaka, una daftari?" Nilikuwa nalo, lile la vipimo vya kazi, mfukoni. "Kila saa moja utaniandikia mfuko umefika wapi. Usilale."

Kabla sijaeleza usiku ule, niseme kilichokuwa kimeziba. Ultrasaundi ilionyesha tezi dume ya gramu 90. Ya kijana ina kama gramu 20, ndimu changa hivi. Ya Baba ilikuwa chungwa. Haikuwa saratani. Tezi hii hukua taratibu kwa wanaume wengi wanapozeeka, na tatizo si ukubwa wenyewe bali mahali ilipokaa: chini kabisa ya kibofu, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Mungu anisamehe, lakini mimi nisingepitisha bomba la kutolea maji ndani ya kitu kinachojulikana kuwa kitavimba.

Tezi inapobana, kibofu hakikubali kushindwa upesi. Ukuta wake ni msuli, na msuli ukipewa kazi ngumu hunenepa. Kwa miaka kadhaa husukuma kwa nguvu zaidi. Mzee anaona mkojo umekuwa mwembamba, unakatika katika, lakini unatoka. Baadaye msuli unachoka, mabaki yanaongezeka, na presha iliyokosa njia ya kwenda chini inatafuta njia ya kupanda juu.

Juu kuna mirija miwili, ureta, kila mmoja na figo yake. Hapa nilipata somo. Nilidhani mkojo unateremka kutoka figoni kama maji ya paa kwenye mfereji. Siyo. Mrija una urefu wa sentimita 25 hadi 30, ni mwembamba kuliko mrija wa kunywea soda, na una msuli. Mara chache kila dakika hujikamua kutoka juu kwenda chini, ukisukuma tone kibofuni. Ndiyo maana mtu akilala chali, au hata akigeuzwa kichwa chini miguu juu, mkojo wake unaendelea kufika. Sijawahi kufunga bomba la namna hiyo na sitafunga.

Namna mrija unavyoingia kibofuni ndiyo iliyonifanya nimwombe daktari anichoree. Sisi mafundi, tukitaka maji yasirudi nyuma, tunafunga valvu yenye kilango na springi. Mwili haukufunga kitu. Mrija unapenya ukuta wa kibofu kwa mshazari, ukipita ndani ya ukuta wenyewe kwa zaidi ya sentimita moja kabla ya kutokeza ndani. Kibofu kikijaa, ukuta unakaza na kuubana mrija uliolala ndani yake, njia inajifunga. Presha ileile ambayo ingerudisha mkojo ndiyo inayofunga mlango. Hakuna raba ya kuchakaa.

Lakini mlango uliofungwa kwa miezi ni balaa lingine. Figo zinaendelea kutengeneza, mirija inaendelea kukamua, na mbele hapapitiki. Kwenye picha za Baba mirija ilikuwa imetanuka, na ndani ya figo zote mbili, pale mkojo unapokusanyika kabla ya kushuka, palikuwa na madimbwi meusi. Kreatinini yake, takataka ya misuli inayotumika kupima figo, ilisoma 612. Karatasi ilisema mwisho wa kawaida ni 110 hivi.

Sasa usiku.

Saa kumi na mbili jioni niliandika 410. Saa moja, 450. Saa mbili, 500. Mfuko wa lita mbili ulijaa kabla ya saa nne, muuguzi akaumwaga, ukaanza tena. Saa tano 520. Nikajaribu hesabu pembeni mwa ukurasa: Baba alikunywa vikombe viwili vya maji tangu asubuhi, na dripu yake inadondoka polepole. Yanayotoka yanazidi yanayoingia kwa mbali. Kwa fundi bomba, hesabu isiyofunga namna hiyo ina maana moja: pahala fulani pamepasuka. Na mkojo wenyewe ulikuwa mweupe kama maji ya bombani. Nikaanza kuogopa kwamba tumemzibua kupita kiasi.

"Sista," nikamwita, "hii sasa haikomi. Maji yote haya yanatoka wapi?"

Akapima presha ya Baba, akamfinya ngozi ya mkono, akaongeza kasi ya dripu. "Figo zimefunguliwa," akasema, "ila bado hazijakumbuka kazi yake."

"Kazi yake si kutoa?"

"Kutoa ni rahisi, kaka. Kazi ni kurudisha."

Alikuwa na wagonjwa thelathini, hakukaa kunifafanulia. Nimeielewa sentensi ile vipande vipande, kwa kuwauliza madaktari wiki zilizofuata na kusoma usiku. Kilichonisaidia zaidi ni mama yangu, Mungu amrehemu.

Mama hakusafisha chumba kwa kutafuta uchafu. Siku mbili kabla ya Idi alitoa kila kitu uani: kitanda, godoro, masanduku, mikeka, picha za ukutani, hata chetezo cha ubani. Chumba kinabaki sakafu tupu. Halafu anarudisha kimoja kimoja, hiki kinaingia, hiki kinaingia. Jioni, kilichobaki uani hakina mwenyewe, kinatupwa. Hakuhitaji kujua majina ya takataka. Alihitaji kujua vitu vyake tu.

Figo inafanya hivyohivyo, mchana na usiku. Figo mbili kwa pamoja hazifiki nusu kilo, lakini zinachukua karibu robo ya damu yote ambayo moyo unasukuma, zaidi ya lita moja kila dakika. Ndani ya kila figo kuna vichujio kama milioni moja, nefroni. Kila kimoja kinaanza na kifundo cha mishipa midogo sana kilichokaa ndani ya kikombe. Kikombe hicho kina jina la Mwingereza William Bowman, aliyekieleza mwaka 1842. Mshipa unaoingiza damu kwenye kifundo ni mpana, unaotoa ni mwembamba. Mtu yeyote aliyewahi kubana ncha ya mpira wa kumwagilia bustani anajua kitakachotokea: presha inapanda, na maji ya damu yanapenya kwenye kuta. Chembe za damu na protini kubwa hazipiti. Vingine vyote vinatoka uani: maji, chumvi, sukari, dawa uliyomeza asubuhi, na yurea, takataka ya protini.

Kwa mtu mzima mzima wa afya ni lita 180 kwa siku. Chukua pipa la lita 200, lile la bluu la kuwekea maji, lijaze mpaka karibu na ukingo. Hicho ndicho kinachotolewa nje kila siku, kutoka kwenye damu ambayo yote haizidi lita tano au sita. Mkojo tunaokojoa ni lita moja na nusu hivi. Pipa lililobaki lote limerudishwa ndani.

Linarudishwa njiani, kwenye vijibomba virefu vilivyopindapinda vinavyofuata kila kikombe. Kipande cha kwanza peke yake kinarudisha karibu theluthi mbili za maji na chumvi, na sukari yote. Kinachofuata ni kitanzi kinachoshuka mpaka kina cha figo na kupanda tena, kwa jina la Mjerumani Jakob Henle, aliyekieleza mwaka 1862. Kitanzi hiki kinalundika chumvi kwenye kina cha figo hadi ukali wa majimaji ya pale unafika mara nne ya ule wa damu. Mwishoni kabisa mkojo unapitishwa katikati ya chumvi hiyo. Ubongo ukiona mwili una kiu hutuma homoni inayofungua vitundu vidogo kwenye kuta za bomba la mwisho, na chumvi inayavuta maji kurudi ndani. Ukinywa maji mengi, homoni inanyamaza, mkojo unatoka mwingi na mweupe.

Usiku ule Baba alikuwa na figo zinazotoa vitu uani na hazina mikono ya kurudisha. Presha ya miezi ilikuwa imevichosha vijibomba, chumvi ya kule chini imesombwa, na homoni ilipoita hakuna aliyesikia. Juu ya hayo, damu ilikuwa imejaa yurea iliyokosa pa kutokea, nayo ilipopita ilikwenda na maji yake. Nilipiga hesabu baadaye: ukirudisha 94 katika kila 100, badala ya 99, zile lita 180 zingekupa mkojo wa zaidi ya lita 10 kwa siku. Tofauti ya tano tu katika mia, na mtu anakauka kitandani huku ameunganishwa na mfuko uliojaa.

Kufikia saa kumi na mbili asubuhi daftari lilikuwa na lita tano na nusu. Muuguzi hakurudisha zote kwa dripu. "Ukifukuzana nao," alisema, "utakuwa unaumwagilia tu, hautakoma." Alirudisha sehemu, akapima, akarudisha sehemu.

Jumapili mchana shangazi alifika na madafu manne. Shangazi haingii hospitali mikono mitupu, na Tanga nzima inajua kwamba dafu husafisha mkojo. Ameshaomba panga kwa mlinzi. Muuguzi akaja mbio: "Shikamoo, bibi. Samahani, hilo dafu halimfai." Shangazi akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Marahaba. Dafu limeanza kuwa sumu lini?"

Ikabidi daktari aje mwenyewe. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi, na figo ndizo zinazotoa potasiamu mwilini. Ya Baba ilikuwa juu tangu alipofika. Ikizidi kupanda huweza kuusimamisha moyo. Walikuwa tayari wamempima moyo kwa mashine mara mbili. Kwa mtu mwenye figo nzima dafu ni dafu. Kwa Baba, wiki ile, lilikuwa hatari kuliko chumvi. Shangazi alisikiliza kimya, akasema, "Haya," akawapa madafu wagonjwa wa kitanda cha pili, walioshukuru sana. Hajamsamehe muuguzi mpaka leo.

Kama potasiamu isingeshuka, tungeingia kwenye mashine ya kusafisha damu. Wagonjwa wengi huunganishwa nayo saa nne hivi, mara tatu kwa wiki, nao wanaishi kwa hiyo, Mungu awape nguvu. Lakini mashine haijui kuchagua kama mama yangu. Wala haitengenezi homoni ya figo inayouambia uboho uzalishe chembe nyekundu. Weupe wa viganja vya Baba, tuliodhani ni uzee, ulitokana na upungufu wa homoni hiyo.

Potasiamu ilishuka. Jumatatu usiku namba zilianza kupungua: 300, 260, 240. Jumanne saa tisa alfajiri nilimulika mfuko kwa ile tochi yake na nikaona 110, nikadhani mpira umejikunja. Nikaufuata kwa mkono kutoka kitandani mpaka chini, kama ninavyofuata bomba kiungo kwa kiungo. Haukujikunja. Na mkojo ulikuwa na rangi. Umanjano ule ni mabaki ya chembe nyekundu kuukuu za damu. Kwa siku mbili ulikuwa umezimuliwa hadi hauonekani, sasa umerudi, kwa sababu maji yamerudishwa ndani na umanjano wenyewe umebaki uani.

Baba akafungua macho. "Unatazama nini?"

"Mkojo wako, Baba."

"Subhanallah. Mtoto nimemsomesha." Akageukia ukutani, akalala.

Aliishi na mpira wiki sita ili figo zipumzike, kisha akafanyiwa upasuaji wa tezi. Kreatinini imeteremka hadi 150 na haishuki zaidi. Kuna nefroni zilizokufa, na zikifa hazioti tena. Dawa za maumivu za dukani amekatazwa, kwa kuwa nyingi hubana damu inayoingia figoni. Chai ya jioni ameirudia. Tochi amempa mjukuu.

Daftari bado natembea nalo. Kurasa nne zina saa upande wa kushoto na mililita upande wa kulia, mwandiko wa mtu mwenye usingizi, ukurasa mmoja umelowa pembeni na sikuuliza ni kwa nini. Ukurasa unaofuata ni kazi ya mteja wa Raskazone: bomba robo tatu mita 12, kiwiko sita, koki nne, tangi lita 1,000, boya moja.